Msindano wa Ufipa na Mnyoo wa Nagasaki

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya mabonde mawili yenye joto. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800. Katikati, mji wa Sumbawanga umekaa mita 1,800 hivi, na milima ya Mbizi inapita mita 2,000. Huko juu kuna baridi, upepo na nyasi. Misitu ya asili imebaki vipande vipande, na uliotukuka kuliko yote ni ule wa Mbizi, wanamoishi mbega wekundu.

Msindano, ambao leo unauona shuleni, kwenye viwanja vya kanisa na katika mashamba ya miti, haukuwapo. Kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja ya msindano iliyoota yenyewe. Afrika ina misindano ya asili kaskazini tu, hasa Moroko, Algeria na Tunisia, na duniani kote ni aina moja peke yake, Pinus merkusii ya Sumatra, iliyovuka mstari wa Ikweta bila kupandwa na mtu. Kila msindano wa Ufipa ni mgeni, au mtoto wa mgeni.

Mti mgeni huanza na bahati: umewaacha maadui wake kwao. Lakini maadui husafiri. Katika miaka 70 iliyopita misindano ya Afrika Mashariki imefuatwa na kuvu, kisha na vidukari. Adui mkubwa kuliko hao wote, mnyoo wa milimita 1 anayeua msindano uliokomaa katika msimu mmoja, hajathibitishwa Tanzania. Naandika habari zake sasa, kabla hajafika, kwa sababu nchi zilizomjua zilimjua zikiwa zimechelewa.

Chuma, moto na majani: kabla ya 1900

Wafipa waliishi bila misitu mikubwa muda mrefu kabla ya mkoloni. Tawala zao mbili, Nkansi na Lyangalile, zilikuwa za wakulima na wafua chuma. Mkulima alikata nyasi, akazifukia katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba, zikaoza, kisha akapanda. Ni kilimo kilichofanya nyasi kuwa mbolea, na wataalamu wa udongo wangali wanakisifu.

Mfua chuma alihitaji kitu kingine: makaa. Matanuri marefu ya Ufipa, malungu, yalifikia mita 3 kwenda juu. Hayakutumia mivukuto, upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini, na moto ukala mawe ya chuma na makaa kwa tabaka. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kikawa majembe, na majembe yakauzwa mbali. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika tasnifu yake kuhusu uhunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania mwaka 1995, ameonyesha kwamba huko Nkansi kulikuwa na zaidi ya ufundi mmoja wa kuyeyusha chuma. Ni historia ndefu, na nyuma ya kila jembe ulikuwapo mti uliochomwa.

Wapo wanaoyalaumu malungu peke yake kwa uwazi wa Ufipa. Naona hawatendi haki. Moto wa kiangazi, malisho ya ng'ombe na kilimo vilifanya kazi hiyohiyo kila mwaka, na vilipanda mpaka pasipokuwa na tanuri. Hata hivyo matokeo ni yaleyale. Wamisionari wa Afrika, waliokabidhiwa Karema kando ya ziwa mwaka 1885, na baadaye Wajerumani walioweka kituo Kasanga na kukiita Bismarckburg, waliikuta nchi ya juu ikiwa na watu, nafaka na ng'ombe, lakini mbao za kujengea zilikuwa adimu. Mkoloni akaona tatizo hilo litatatuliwa na mti wa haraka kutoka nje.

Miche kutoka mbali: 1902–1957

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, wakajaribu mamia ya mimea ya kigeni. Waingereza waliowarithi waliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1951 Lushoto ikapata kituo cha utafiti wa ukuzaji misitu. Kutoka Meksiko ulikuja Pinus patula, wenye majani marefu yanayoning'inia. Kutoka California ulikuja Pinus radiata. Kusini mwa Marekani kukatoka Pinus elliottii na Pinus taeda; Amerika ya Kati, Pinus caribaea.

Mwanzoni misindano mingi ilidumaa vitaluni bila sababu ya kuonekana. Baadaye ikajulikana kwamba msindano hauwezi kuishi bila kuvu fulani anayeungana na mizizi yake na kuusaidia kunyonya chakula, na kuvu huyo hakuwamo katika udongo wetu. Dawa yake ilikuwa rahisi: chukua udongo chini ya misindano iliyokwisha kustawi, changanya kwenye kitalu kipya. Watunza vitalu wanafanya hivyo mpaka leo. Somo lake, lakini, lina pande mbili. Udongo na mche huhamisha viumbe tusivyoviona, na njia aliyopita kuvu rafiki ndiyo atakayopita adui.

Radiata ndio uliopendwa. Ulikua upesi, ukanyooka, na New Zealand na Australia zilikuwa zimeutegemea kwa viwanda vyao. Kenya na Tanganyika zikaupanda kwa matumaini makubwa.

1957: sindano zinageuka nyekundu

Mwaka 1957 ugonjwa wa majani ulionekana kwenye radiata za Tanganyika. Madoa na mikanda myekundu ilitokea kwenye sindano, ncha zikakauka, sindano zikaanguka, na mti ukabaki na kichala kidogo kileleni. Mhusika alikuwa kuvu, Dothistroma. Miaka michache baadaye alikuwa Kenya, ambako mtaalamu wa magonjwa ya miti I. A. S. Gibson na wenzake walichapisha maelezo yao ya kwanza mwaka 1964. Mwaka huohuo kuvu huyo aligunduliwa New Zealand.

Hapa ndipo historia ya misindano ya Afrika Mashariki ilipogeuka. New Zealand ilikuwa na fedha na ndege. Ilinyunyizia dawa ya shaba na kuendelea na radiata wake. Kenya nayo ilijaribu shaba, lakini kunyunyizia milima ya ukungu mwaka baada ya mwaka kuligharimu kuliko mbao zenyewe. Nchi zetu zikachagua njia nyingine: zikaacha radiata na kupanda aina ambazo kuvu hakuziweza.

Patula ulikuwa mbele ya zote. Ulisimama katika mashamba yaleyale, katika mvua ileile, kando ya radiata zilizokuwa zinakufa, ukabaki kijani. Hata ndani ya radiata kulikuwa na tofauti: miche ilishambuliwa vibaya, na miti iliyofikia umri mkubwa ilianza kuhimili. Watafiti wa Kenya waliliona hilo na kuliandika. Kwa mara ya kwanza wakulima wa misitu wa ukanda huu walijifunza kwa hasara kwamba neno "msindano" linaficha miti ya tabia mbalimbali, na kwamba kuchagua aina ni kuchagua mapema ni ugonjwa gani utakaouweza.

Uamuzi huo wa miaka ya 1960 ndio uliochora ramani ya leo. Sao Hill, Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya serikali nchini, lilipanuka hasa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, likiwa na patula, elliottii na caribaea. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikafuata miaka ya 1980. Mbegu zilizosambaa kutoka nyanda hizo kwenda Mbeya, Njombe, Ruvuma na baadaye Rukwa zilikuwa mbegu za washindi wa Dothistroma.

Nagasaki, 1905–1971

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, misindano ilikuwa ikifa kwa namna nyingine, na hakuna aliyejua sababu.

Vifo vya kwanza vilitajwa karibu na Nagasaki, bandari ya kisiwa cha Kyushu nchini Japani, mwaka 1905. Mti mzima ulibadilika rangi mwishoni mwa kiangazi, sindano zote kwa pamoja, na kabla ya baridi ukawa umekufa. Wajapani waliona mashimo ya wadudu kwenye magogo, wakawalaumu wadudu. Kwa zaidi ya miaka 60 walikata, wakamenya magome, wakachoma. Ugonjwa ukaendelea kutambaa kaskazini.

Kidokezo kilikuwa kimeshatolewa, ila hakikusomwa. Mwaka 1934 Wamarekani wawili, Steiner na Buhrer, walikuwa wameeleza mnyoo mpya waliyemkuta ndani ya mbao za msindano za Louisiana, akila kuvu wanaotia mbao rangi ya buluu. Walimwona kama mkazi asiye na madhara wa mti uliokwisha kufa. Kwao hakuua misindano, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumshuku.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Kyushu, Tokushige na Kiyohara walikuwa wakichunguza kuvu wa misindano iliyokufa. Katika vipande vya mbao walivyovitunza maabara waliona minyoo wengi mno. Wakaamua kuwatia minyoo hao kwenye misindano mizima iliyo hai, jambo lililoonekana la ajabu wakati huo, kwani minyoo wa mimea walijulikana kwa kushambulia mizizi. Miti ikafa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata mnyoo akapewa jina pamoja na mbebaji wake kutambuliwa: mbawakawa mwenye papasio ndefu, Monochamus alternatus. Mwaka 1981 ikathibitishwa kwamba mnyoo wa Japani na yule wa Louisiana ni mmoja, Bursaphelenchus xylophilus. Alitoka Amerika Kaskazini, na ni mbao zilizomsafirisha.

Kilele cha msiba kilikuwa 1979, Japani ilipopoteza mita za ujazo milioni 2.43 za misindano katika mwaka mmoja. Sababu moja iliyokuza hasara haikuwa ya kibaiolojia. Vijiji vya Japani vilikuwa vimehamia kwenye gesi na mafuta ya taa, watu wakaacha kwenda msituni kuokota kuni, na miti iliyokufa ikabaki imesimama, imejaa mbawakawa. Nadhani jambo hili linatuhusu sana, na nitalirudia.

Ndani ya shina

Inafaa kutulia hapa, maana kila kitu kinategemea kinachotokea ndani ya mti.

Mbawakawa anapotoka kwenye mti uliokufa hubeba minyoo wachanga ndani ya mirija yake ya pumzi. Mmoja amewahi kukutwa na zaidi ya 200,000. Kabla ya kuweza kutaga, hana budi kula, naye hula gome la matawi machanga ya msindano mzima. Anapotafuna, minyoo hushuka na kuingia kwenye jeraha.

Chini ya gome kuna sehemu laini, na ndani yake inapita mifereji ya utomvu. Mingine inapita ndani ya mbao, kwa wima na kwa mlalo, ikiunganishwa mtandao mmoja. Utomvu ndio silaha ya msindano: mdudu akitoboa, utomvu humzamisha. Mnyoo huyu, hata hivyo, ameugeuza mfumo huo wa ulinzi kuwa njia yake. Anaingia mferejini, anatoboa seli zinazouzunguka kwa sindano iliyo mdomoni mwake, anakula, anasonga mbele.

Katika msindano dhaifu, kwa mfano msindano mweusi wa Japani, Pinus thunbergii, au mwekundu, Pinus densiflora, safari hiyo ni ya haraka. Ndani ya siku chache minyoo wachache hupatikana mbali na jeraha, ingawa bado hawajazaana sana. Hapo ndipo mti unapojiharibu wenyewe. Seli hai za mbao zinashituka kotekote, zinamwaga yaliyomo na harufu nzito za utomvu zinapenya kwenye mirija inayopandisha maji. Maji yanakatika, hewa inachukua nafasi yake. Utomvu unaacha kutoka kabla sindano hazijabadilika rangi. Kwa macho mti unaonekana mzima, kumbe umeshahukumiwa. Kisha mirija inaziba kwa wingi, mti unakufa kwa kiu hata kama udongo una maji, na sasa minyoo wanazaana kupita kiasi. Kwa joto la nyuzi 25, kizazi kimoja hukamilika katika siku 4 au 5.

Katika msindano wenye ukinzani mnyoo huingia vilevile. Hakuna gome linalomfukuza mlangoni. Tofauti inaonekana ndani. Watafiti wa Japani walipolinganisha familia za msindano mweusi zilizo imara na zilizo dhaifu, waliona kwamba katika zile imara minyoo hukawia karibu na jeraha. Seli zinazoizunguka mifereji ya chini ya gome huimarisha kuta zake kwa lignini, ile dutu inayofanya mbao ziwe ngumu, na hukusanya kemikali chungu. Madhara yanabaki madoadoa badala ya kuenea. Hewa inaingia katika baadhi ya mirija, lakini iliyobaki inatosha kupandisha maji, na idadi ya minyoo inapungua siku zinavyokwenda.

Kwa hiyo ukinzani, kwa maana halisi, ni uwezo wa kuchelewesha. Mti unaoshinda ni ule unaomnyima mnyoo muda. Na kwa kuwa ni suala la muda, ushindi huo una masharti: ukame, joto kali, umri mdogo wa mche, au minyoo wengi mno kwa wakati mmoja, vyote vinaweza kuuangusha hata mti wenye ukinzani.

Baridi nayo ina neno lake. Ugonjwa huu ni mkali pale ambapo wastani wa joto katika miezi ya joto unapita nyuzi 20. Chini ya hapo msindano unaweza kubeba minyoo miaka mingi bila dalili, kama mtu mzima anavyobeba vimelea vya malaria bila kuugua, na bado ukawa chanzo cha maambukizi kwa wengine.

Walionusurika: 1978 na baadaye

Japani haikuweza kubadilisha aina ya mti kirahisi kama Afrika Mashariki ilivyofanya. Msindano mweusi unalinda pwani zao dhidi ya upepo na mchanga, na misindano imo katika bustani, mahekalu na sanaa yao. Walichofanya kilihitaji subira.

Mwaka 1978 walianza kuzunguka mashamba yaliyoangamizwa wakitafuta miti michache iliyobaki hai katikati ya mizoga. Waliteua zaidi ya miti 25,000, wakabebesha vikonyo vyake kwenye miche, kisha wakatia minyoo kwa makusudi. Kipimo chao kilikuwa Pinus taeda, Mmarekani aliyezoeana na mnyoo huyo tangu kale: aliyeshindwa kufikia uhai wa taeda alitupwa. Hadi katikati ya miaka ya 1980 walibaki na misindano myekundu 92 na mieusi 16 tu. Kutoka maelfu, mia na nane.

Idadi hiyo ndogo inastahili kutafakariwa na kila anayedhani ukinzani unaweza kununuliwa dukani janga likishaingia. Mbegu za miti hiyo zilipandwa bustani maalumu, na hata hivyo watoto wake hawakuwa sawa wote; baadhi walirithi ukinzani, baadhi hawakurithi. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo.

Huku nyuma mnyoo alishaondoka Japani. China ilimkuta Nanjing mwaka 1982, Korea Kusini ikamkuta Busan mwaka 1988. Mwaka 1999 aligunduliwa Ureno, karibu na Setúbal kusini mwa Lisbon, na mwaka 2008 Uhispania.

Vidukari kutoka kusini: 1962–1994

Afrika Mashariki ilipodhani imepumua baada ya Dothistroma, yalikuja mapigo mawili ya wadudu.

La kwanza lilikuwa kidukari cha pamba cha msindano, Pineus. Kiliingia Kenya na Rhodesia mwaka 1962 pamoja na vikonyo vya msindano vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya utafiti. Kilionekana rasmi Kenya mwaka 1968, kisha kikaenea Tanzania na Uganda. Inauma kukumbuka kwamba mlango ulifunguliwa na watu waliotaka kuboresha misindano yetu.

La pili halikugusa msindano bali jirani yake, msaipresi, ule wa uzio na mapambo ya Krismasi. Kidukari Cinara kilionekana Malawi mwaka 1986. Kufikia 1988 kilikuwa Tanzania, kikiwa kimevuka kutoka kusini kupitia nyanda za juu zinazopakana na Ufipa. Mwaka 1990 kikafika Kenya. Ua zilizotunzwa kwa miongo mingi zilikauka rangi ya kutu, na hasara kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1994 Malawi iliachia nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, anayetaga ndani ya kidukari hicho, na mashambulizi yakapungua.

Kutoka Malawi hadi Kenya ni miaka 4 tu. Hicho ndicho kipimo cha kasi ya adui anayeruka au anayebebwa na lori katika ukanda wetu, na kilipimwa wakati barabara zilikuwa mbovu.

Makreti ya mbao: 1984–2002

Mwaka 1984 wakaguzi wa Finland waliwakuta minyoo wa Bursaphelenchus hai ndani ya vipande vya mbao vilivyotoka Marekani na Kanada kwa meli. Nchi za Ulaya kaskazini zikafunga milango kwa mbao mbichi za misindano, na biashara ikatikisika. Likaeleweka jambo ambalo Nagasaki ilikuwa imelionyesha zamani: bandari ndiyo mlango, na mzigo wa hatari mara nyingi si bidhaa yenyewe bali mbao zinazoibeba, yaani makreti, mapaleti na magogo ya kukingia mizigo isiteleze.

Mwaka 2002 likapitishwa sharti la kimataifa linalotumika mpaka sasa. Mbao za kufungashia lazima zipashwe moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, au zitiwe dawa iliyoruhusiwa, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Ukienda dukani Sumbawanga ukakuta paleti lenye muhuri huo, umekutana na matokeo ya misindano iliyokufa Japani.

Kwa upande wetu, Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao Arusha. Utafiti wa misitu uko chini ya TAFORI, iliyoanzishwa 1980. Vyombo vipo. Kazi yao nzito haiko ofisini. Iko Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, na Kasesya, mpaka wa Zambia, mahali ambapo lori la mbao na gari la mizigo ya jumla hupita asubuhi moja.

Ufipa sasa

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa mahindi, maharage na barabara ya kuchosha. Lami kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia, ilibadilisha hali. Mbao za Mafinga hufika Sumbawanga kwa haraka, na wenyeji nao wakaona kwamba mti ni mali. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una shamba la miti Mbizi, na watu binafsi wanapanda kwenye miteremko ambayo zamani ilikuwa nyasi tupu. Ni jambo jema, na nalisema bila kusita: kila gogo linalovunwa shambani ni gogo lililoachwa katika msitu wa mbega wekundu.

Hatari yake ni kupanda aina moja kutoka chanzo kimoja cha mbegu. Patula ulichaguliwa kwa sababu ulimshinda kuvu wa 1957. Haukuchaguliwa kwa ajili ya mnyoo, wala haifai kudhani kwamba ulioshinda vita vya kwanza utashinda vya pili. Radiata nao ulikuwa na sifa zote mpaka siku sindano zake zilipogeuka nyekundu.

Hali ya hewa ya uwandani inatupa nafuu, lakini nusu yake ni mtego. Baridi ya Sumbawanga yaweza kuzuia vifo vya ghafla na wakati huohuo kuwaficha minyoo ndani ya miti isiyoonyesha dalili. Ukishuka Laela kuelekea bonde la Rukwa, au Matai kuelekea Kasanga, joto linapanda kwa saa chache za safari. Gogo lililobebwa kutoka juu kwenda chini hubeba na kilichomo.

Kuhusu kuni, sisi si Japani ya 1970. Msindano uliokufa Ufipa haukai mwaka mzima umesimama. Utakatwa na kuchomwa, na hilo linatufaa kwa sababu mbawakawa hapati muda wa kukua. Shida ni pale kuni zinapouzwa kijiji kingine zikiwa na magome yake. Chomeni palepale mlipokata.

Si kila msindano unaokauka una mnyoo. Moto, ukame na kuvu wa mizizi Armillaria huua misindano mingi hapa kwetu. Ila kuna jaribio ambalo Wajapani walilitumia tangu miaka ya 1960, na kila mwenye shamba aweza kulifanya kwa kisu: toboa gome la shina mpaka kwenye mbao na urudi kesho yake. Msindano wenye afya utakuwa umetoa utomvu mwingi. Ukikuta jeraha kavu kwenye miti kadhaa iliyo jirani, na sindano zimefifia kwa pamoja bila moto wala ukame, usiikate upesi ukaiuza. Mwite afisa misitu wa wilaya, mwombe apeleke vipande vya mbao TAFORI au TPHPA vipimwe. Na unapopanda mwaka huu, changanya aina, na uulize mbegu yako imetoka wapi.